Sikio la Kushoto la Élisa

Élisa aliuza samaki wa chumvi kutoka Mulongo katika soko la Kamina. Mchana mmoja alikuwa akimhudumia mteja. Akayumba, akaangukia samaki wake, akatapika. Alipoinuka alitembea akishika meza za wenzake.

"Amekunywa lutuku," wanawake walinong'ona. Lutuku ni pombe kali ya kienyeji.

Neno hilo lilimfikia mume wake, Wenceslas, kabla Élisa hajafika nyumbani. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Wenceslas alinusa kikombe cha mkewe. Alichungulia chini ya kitanda. Hakupata kitu, lakini shaka haikumtoka.

"Weye unakunywa," alisema.

"Minyi sikunywake. Nyumba njo inazunguka. Na sikio inalia kama mashini ya kusaga."

"Na jana nilikuita, ukanyamaza?"

"Sikukusikia."

Wenceslas hakuamini.

Jirani yao Kyabu, muuguzi, aliyasikia hayo akiwa uani. Akaja.

"Mama Élisa, sikio gani inalia?"

"Ya kushoto. Inajaa, inalia, kisha naanguka."

Kyabu alimgeukia Wenceslas. "Baba, pengine haiko pombe. Ndani kabisa ya sikio kuko kitu kinasaidia muntu asikie, na asimame bila kuyumba. Kikigonjwa, vyote viwili vinaharibika. Dokta wa masikio amefika kwa hospitali. Umupeleke, bamupime."

Wenceslas alikubali. Alitaka uongo utoke hadharani.

Dokta alichungulia masikio ya Élisa. Kisha akamvisha vifaa vya kusikilizia na kumpa kitufe. "Ukisikia sauti, hata ndogo, bonyeza."

Wenceslas alimkazia mkewe macho. "Dokta, hawezi kujifanya kiziwi?"

"Njo maana ninarudia, na sauti haziji kwa mpangilio. Anayejifanya atajichanganya."

Dokta alirudia mara tatu. Sikio la kulia lilisikia vizuri. La kushoto halikusikia sauti nzito. Akaweka kwenye mfupa nyuma ya sikio kifaa kinachopeleka sauti moja kwa moja ndani. Bado halikusikia.

"Basi haiko uchafu wa sikio," dokta alisema. "Shida iko ndani. Kipimo hiki peke yake hakitoshi. Lakini pamoja na kizunguzungu na ule mlio, kinatuonyesha ugonjwa wa sikio la ndani."

Wenceslas aliitazama karatasi ya kipimo, yenye mstari wa kila sikio. Wa sikio la kushoto ulikuwa umeshuka. Aliona haya.

Dokta alitoa dawa. Alimwambia Élisa apunguze chumvi, akae chini mara kizunguzungu kinapoanza, na arudi kupimwa tena.

Kizunguzungu kilipungua, ingawa hakikuisha. Jumapili moja kilimjia kanisani. Watu walianza kutazamana. Wenceslas alimshika mkewe mkono, akamketisha taratibu.

"Hajalewa," aliwaambia, bila kupandisha sauti. "Iko sikio. Minyi nilikuwapo bakimupima."