Picha ya Nyuma ya Jicho

"Popo anaingia saa nne. Kliniki ya macho. Umenipata?"

"Nimekupata, Mkuu."

Kipanga, askari kanzu, akakata simu, akaificha bastola yake aina ya Glock ndani ya koti jeupe la ukarani wa kliniki.

Popo, msafirisha silaha, alishabadilisha uso na kuchoma alama za vidole. Kilichobaki kumtambulisha ni picha ya retina yake, utando wa nyuma ya jicho, katika faili la kliniki hii: inaonyesha ugonjwa adimu unaokula uoni kuanzia pembeni. Leo anakuja kuiba faili. Uso unaweza kununua mwingine. Retina, thubutu!

"Kaa hapa kwanza," daktari alimwambia. Kila asubuhi aliijaribu mashine ya kupiga picha za retina kwa jicho zima. Leo alimchagua Kipanga, aliyepewa jina hilo kwa kuona mbali.

Mwanga wa kijani ukapita. Mashine ikalichambua jicho tabaka kwa tabaka, bila kisu.

Daktari akaikodolea picha macho. Akapiga nyingine. Akaweka picha ya Popo kando ya ile mpya.

"Kaka, huwa unajigonga kwenye milango?"

"Mara mojamoja."

"Ni ugonjwa uleule. Pole sana."

"Nina muda gani?"

"Miaka michache. Gari acha leo."

Kipanga alingoja uchungu uje. Haukuja. Alihisi ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Saa nne.

Wanaume watatu kwenye benchi. Akimwita yeyote mashineni, Popo atatoroka. Kipanga akachukua fomu, akawapitia ubavuni, akizishika chini, usawa wa goti. Pale ambapo yeye mwenyewe siku hizi hapaoni.

Wa kwanza akapokea. Wa pili akapokea.

Wa tatu akaendelea kutazama mbele, kana kwamba hakuna fomu.

Kipanga akamwekea Glock kisogoni. "Popo. Simama taratibu."

Mkono wa Popo ukakimbilia kiunoni. Kipanga akaukunja, bastola ikaanguka sakafuni. Dakika tano baadaye Popo alikuwa amekaa mashineni, pingu mikononi. Picha zikalingana.

"Umenijuaje?" Popo aliuliza.

"Ugonjwa wetu mmoja, ndugu yangu."

Simu ikalia.

"Hongera, Kipanga! Jicho lako hilo, we acha tu!"

"Asante, Mkuu."

Nje, dereva wa kikosi alikuwa ameegemea gari. Kipanga akamrushia funguo.

"Endesha wewe."

"Mimi? Gari hili hujawahi kumpa mtu!"

"Leo nimekupa."

Akazunguka upande wa abiria, polepole, kiganja kikiambaa na bodi ya gari.