Nyota Iliyouzwa Mbarara

Siku Cassien alipoondoka na moyo wa Mariette, mwenyewe hakuwa na habari. Alidhani ni uzi tu umenasa kwenye begi lake.

Ilikuwa Jumamosi, na soko la Mbarara lilikuwa limefurika watu wa kununua vya Noeli. Mariette, mfumaji wa kutoka Misiera, ule mtaa wa maduka kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya nyuzi, akilinganisha wekundu na wekundu kama mtu anayechagua mume. Alivaa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, na kilemba chake alikifunga kwa ule mtindo wa Uvira, kwao Kongo, unaosema: shida ninazo, ila hazikuhusu. Ghafla donge la uzi mikononi mwake likaanza kuzunguka lenyewe.

Ncha yake ilikuwa imenaswa na zipu ya begi la kijana mmoja, naye anakwenda mbio kama aliyeitwa kupokea urithi.

"Weye kaka! Unaenda na uzi yangu!"

Kijana akageuka. Uzi mwekundu ulikuwa umepita juu ya nyanya, ukazunguka mguu wa mama wa kabichi, ukamfunga kuku mmoja asiye na hatia. Soko zima lilikuwa linacheka.

"Pole, dada," akasema. "Nilifikiri wanacheka koti langu."

Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, mikono imeishia karibu na viwiko.

"Na koti banaicheka," Mariette akamjibu. "Lakini anza kurudisha uzi."

Akaurudisha. Alikunja taratibu, akamfungua kuku, akamwomba radhi mama wa kabichi, na alipofika mwisho wa uzi akakuta mwisho wake ni Mariette, macho makubwa yamejaa kicheko. Ndugu zangu, wapo watu waliovuka mipaka miwili wakikimbia risasi bila kuanguka, kisha wakaangushwa na donge la uzi.

Cassien alikuwa Mrundi. Nyumba yake ilikuwa Nakivale, lakini siku za kazi alishinda Mbarara, kwenye kibanda cha kuuza chaja na makava ya simu karibu na stendi ya taksi. Tangu siku ile, simu ya Mariette haikupumzika.

"Haloo, malaika wa Misiera."

"Malaika mikono inamuuma, papa. Sema mbio, simu iko nakufa."

"Mimi nauza chaja, halafu simu ya mpenzi wangu inakufa? Aibu gani hii!"

"Basi leta chaja, wacha maneno mingi."

Akaleta chaja. Akakuta mlangoni kwa tantine Goretti, shangazi aliyemlea Mariette, kiwanda kizima cha Noeli: nyota, kengele, malaika wenye sketi pana, vyote vinafumwa kwa sindano ya kroshe, ile yenye kichwa kilichopinda kama ndoano. Kazi iliyokamilika ililowekwa kwenye uji mwepesi wa muhogo, ikabanwa kwa pini juu ya kitambaa na kuanikwa juani mpaka ikakaza. Jirani asiyekuwa na mti alitundika kengele dirishani, na Noeli ikaingia bila kupiga hodi.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wa Mariette, binti anayefuma huwa na kazi moja asiyoiuza. Humpa mwanamume aliyemkubali, naye huitundika nyumbani kwake. Binti hasemi neno. Kazi ndiyo inasema. Mariette alifuma nyota nyeupe yenye ukingo mwekundu, kwa uzi uleule wa sokoni, akamkabidhi Cassien huku akitazama chini.

"Uitundike fasi yenye utaiona kila siku."

Na Cassien, mtu wa kusikia na kutii, aliona nini kila siku? Kibanda. Akaitundika katikati ya chaja na makava. Haikupita wiki, Mama Kabanyana, mwenye gesti ng'ambo ya barabara, akaipenda, akailipia. Cassien akapiga simu kwa furaha.

"Sheri wangu! Nimeuza nyota yako! Mama ameichukua bila hata kuomba apunguziwe! Fuma zingine!"

Upande wa pili, sindano ikaanguka sakafuni.

"Haloo? Mariette?"

"Umeuza."

"Ndiyo! Mteja wa kwanza!"

"Basi uzisha na namba yangu, Cassien, juu miye sitaijibu tena."

Na kweli hakuijibu. Cassien alipiga mpaka yeye mwenyewe akahitaji chaja. Mwisho akapanda taksi hadi Misiera. Goretti akamzuia kizingitini, sindano mkononi.

"Weye mwana wa Burundi, kwenu mwanamuke akikupa moyo munaupeleka soko?"

"Tantine, kwetu mtu akikupa zawadi anakuletea kwenye kikapu, na kikapu kina kifuniko. Unajua hii ni zawadi! Mimi nilifikiri amenipa nyota ya kuonyesha wateja."

"Kwetu ile inatundikwa nyumbani. Mutoto mudogo anajua."

"Huyo mtoto hakunifundisha, tantine."

Nyuma ya pazia, sindano ya Mariette ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea, kwa hasira.

"Enda utafute ile nyota," Goretti akasema. "Bila nyota, hapa usipige hodi."

Cassien akarudi mbio mpaka gesti. Mama Kabanyana, mwanamke mpana aliyevaa gauni la gomesi la zambarau, alimsikiliza huku mikono iko kiunoni.

"Ssebo, bwana, mimi iko na wageni ya Krismasi. Nyota iko juu ya mti. Wewe nataka kata mti yangu kichwa?"

"Nitakurudishia pesa yako, mama."

"Pesa hapana. Leta nyota ingine, ya kufuma na mkono, tunabadilisha. Ya plastiki sitaki."

Wafumaji Misiera walikuwepo tele, lakini wote walikuwa binamu za Mariette au waimbaji wenzake wa kwaya, na habari ilikuwa imeshawafikia. Kila aliyeombwa aliumwa kidole. Basi Cassien akanunua sindano, akaenda kwa jirani yake Émérance, bibi wa Kirundi aliyefuma kofia za watoto.

"Nifundishe, bibi."

"Utaweza? Mikono yako imezoea nyaya."

"Waya na uzi ni ndugu."

Havikuwa ndugu. Nyota ya kwanza ilitoka kaa wa pwani. Ya pili ingeweza kuwa kofia ya mbuzi. Kibandani, wapiga debe wa stendi walipata burudani.

"Cassien, unafuma chaja?"

"Nafuma mke. Wewe unayecheka, unafua nguo zako mwenyewe!"

Alifumua, akaanza tena. Alipopata kitu chenye ncha tano, kililegea kama jani la mgomba. Akakumbuka kwamba kinalowekwa, lakini katika nini? Akayeyusha sukari. Nyota ikakaza vizuri kabisa, na asubuhi akaikuta imejaa sisimizi hata ikawa kama inatembea.

"Mwanangu," Émérance akasema akifuta machozi ya kicheko, "sukari ni ya chai. Pika uji wa muhogo."

Mkesha wa Noeli ulipokaribia, Cassien alisimama mbele ya mlango wa Misiera katika koti lake fupi, nyota nyeupe yenye ukingo mwekundu kifuani. Mariette alikuwa anabana kengele kwa pini. Hakuinuka.

"Umeitoa wapi?"

"Nimebadilishana."

"Na nini?"

"Na nyota nyingine."

Hapo akainuka. "Ya nani? Ni mwanamuke gani amekufumia?"

"Nimefuma mimi."

"Weye? Na mikono ile?"

Cassien akanyoosha kidole. Kilikuwa kimeota sugu palepale sindano inapokaa, pale ambapo hata kidole cha Mariette kilikuwa nayo. Mariette akakitazama sana.

"Tantine, funga mulango," akasema. "Tunaenda Mbarara. Miye ninataka kuona na macho."

Akabeba begi la kazi zake, na taksi ikawachukua watatu mpaka gesti. Ukumbini palikuwa na mti wa msipresi ndani ya debe, na kileleni, mbele ya wageni wote, nyota ya Cassien. Ncha moja ilikuwa imelala kama mlevi. Mariette akapanda kiti, akaishika. Vidole vyake vikasoma: hapa alikasirika, akavuta uzi mpaka ukabana, hapa alikosea, akafumua, akarudia, akarudia tena, hapa mkono umetulia, alikuwa ananifikiria.

Akashuka nayo.

"Mama, ninaomba hii mubaya. Chukua ile yangu muzuri."

"Banange!" Mama Kabanyana akapiga makofi. "Nyinyi nacheza tu na mti yangu! Sawa, lakini weka na kengele, na malaika. Mti yote! Mimi nalipa."

Mariette akafungua begi. Kengele zikapanda, malaika wakapanua sketi zao, na ile nyota ya uzi wa sokoni ikatoka mkononi mwa Cassien, ikarudi kileleni. Wageni wakapiga vigelegele, na mama mmoja wa Bushenyi palepale akaulizia kengele za nyumbani kwake.

Cassien alikuwa na wasiwasi. "Mariette, ile ni moyo wako. Unauacha gesti?"

"Ile ilisema nimekukubali. Imesema, imemaliza." Akainua nyota iliyolala ncha. "Na hii? Hii inasema nini?"

Cassien akavuta mikono ya koti, ikakataa kushuka, akamgeukia Goretti.

"Tantine, inaomba ruhusa nilete wazee Misiera."

"Ulete wazee," Goretti akasema. "Sukari usilete."

Maana habari za sisimizi nazo zilikuwa zimeshafika.

Leo ile nyota iko juu ya mlango wao huko Nakivale, Noeli na si Noeli, ncha moja bado imelala. Cassien amejaribu kuinyoosha. Mariette amempiga kofi mkononi. Mgeni akiuliza nani kafuma kituko hiki, Cassien hujifanya anatafuta chaja. Mariette ndiye hujibu, kidevu juu, kabla mgeni hajamaliza swali:

"Bwana yangu."