Nyumba Iliyopendwa Kuliko Ngome

Hivi wewe, ukifika mji usioujua, unamwuliza nani pa kwenda? Sisi tulimwuliza muuza kahawa. Lakini katika miaka ya hadithi hii, Mji Mkongwe wa Unguja, uliokuwa makao ya masultani, ulikuwa na mpambe.

Mpambe alikuwa mashine ya kuruka, umbo lake kama kawa la kufunikia chakula, na chini yake jicho moja la kioo. Alimpokea mgeni bandarini, akamsalimu kwa lugha ya kwao, kisha akamtangulia vichochoroni akielea usawa wa bega, kama wapambe wanavyomsindikiza bwana harusi. Kila mgeni alikuwa na wake, ila wote walishiriki akili moja: alichojifunza mmoja, wote walikijua papo hapo.

Aliyewaunda ni mhandisi Raya. Alasiri moja alifuatana na mgeni, mwalimu Nkwimba kutoka Mwanza, ili aone kazi ya mikono yake.

"Ngome Kongwe tumeiona," mpambe akasema, "na kwenye bafu za kale za Hamamni umeona matundu ya dari yanavyomwaga mwanga. Sasa nakushauri mahali pasipo katika kitabu chochote. Nyumba ya Bi Mwanakombo. Mlango una misumari ya shaba, kahawa ina tangawizi, na mwenyewe hajapata kumkataa mgeni."

Raya akatabasamu. Alikulia kichochoro kilekile, na Bi Mwanakombo ndiye aliyemfundisha kusuka ukili.

Walipokata kona, tabasamu likamtoka. Wageni walijaa hadi kwenye baraza ya jirani, wapambe wakielea juu yao kama nyuki.

"Raya!" jirani akaita. "Umemgeuza mwenzetu makumbusho! Bado kumkatia tiketi tu!"

Raya akapenya hadi ukumbini. Bi Mwanakombo alikuwa akimimina kahawa, mkono mmoja umeshika dele, mwingine umeshika kitambaa kibichi kinachodondosha maji. Kanga yake ilikuwa imelowa ubavuni.

"Shikamoo, bibi. Kitambaa cha nini?"

"Marahaba, mwanangu. Cha babu yako Haroub, nampangusa uso." Akashusha sauti. "Daktari kaja asubuhi. Kasema hadhani kama ataiona magharibi."

Raya akachungulia chumba cha ndani. Mzee Haroub, mume wa Bi Mwanakombo, amelala chali, kifuani amefungwa kipimapumzi, ule mkanda unaowaka kijani pumzi ikiwa nzima. Sasa uliwaka manjano, na pembeni wekundu ulishaanza kuingia. Kiti cha kando ya kitanda kilikuwa kitupu.

"Bibi, na bado unawakaribisha watu? Kwa nini usikatae?"

"Nimkatae mtu aliyepiga hodi mlangoni kwangu?" Bi Mwanakombo akamtazama kama aliyetukanwa. "Wanapiga hodi, nasema karibu. Na wao wanaingia, mwanangu. Wanaingia kweli!"

Hapo Raya akaligundua kosa lake. Alipokuwa mdogo mama yake alimfundisha: ukipita watu wanakula, wakakwambia karibu, unasema "starehe" unakwenda zako. Kila mtoto wa mji ule alilijua hilo. Mpambe hakulijua, kwa sababu Raya hakuona haja ya kumfundisha jambo linalojulikana na kila mtu.

Mwalimu Nkwimba, aliyeingia nyuma yake na kupewa kahawa, alikwisha kuelewa. Akaweka kikombe chini taratibu, akawaashiria wageni wenzake watoke. Raya akafunga mlango.

"Mpambe, ifute nyumba hii katika matembezi."

"Siwezi, mhandisi," sauti ikajibu kutoka nje, tamu kama kawaida. "Uliagiza nimsikilize mwenye nyumba peke yake."

Ni kweli. Aliogopa wenye mahoteli wasije wakazifuta nyumba za wanyonge ili wageni wote wabaki kwao.

"Bibi, sema hutaki. Neno moja tu!"

"Nitasemaje hivyo, Raya? Tangu niolewe..."

"Hodi!" mpambe akaita mlangoni. Kundi jipya lilikuwa limefika, viatu vinasikika vikivuliwa. "Hodi hapa!"

Bi Mwanakombo akasimama. Mwili wenyewe ulisimama, kama anavyosimama mtu aliyeitikia wito huo maisha yake yote. Akageukia mlango, kinywa kikafunguka. Chumbani mkanda ukageuka mwekundu.

"Hodi."

Hii haikutoka nje. Ilitoka chumba cha ndani, nyembamba kama uzi.

Bi Mwanakombo akaganda.

"Hodi, Mwanakombo," Mzee Haroub akasema tena, na katika sauti ile kulikuwa na kicheko kidogo. "Au mimi... nipange foleni?"

"Hodi!" mpambe naye akarudia. "Wageni wako hapa. Waingie?"

Bi Mwanakombo akaweka dele sakafuni. Akaelekeza uso mlangoni, na sauti iliyomtoka hata jirani wa barazani aliisikia.

"Wasiingie! Leo sitaki mgeni, na kesho sitaki. Nataka kukaa na mume wangu."

Kisha akaingia chumbani, akakivuta kiti.