Ndwiga Alingoja Kuitwa Jina

Njoki alipepeta ndengu mpya, akajaza mfuko, akatoka Kiritiri kwenda Meru kumwona mwanawe. Ndwiga alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Siku alipoondoka nyumbani kanisa lilimwombea. Tangu siku hiyo kijiji kizima kilimwita Daktari.

Alimkuta kitandani saa nne asubuhi. Amekonda. Wenzake walikuwa kwenye mtihani.

"Daktari, wewe huna mtihani?"

Ndwiga aligeukia ukuta. Mwishowe alisema ukweli. Alihudhuria masomo muhula wote. Lakini kila mwanafunzi alitakiwa kujiandikisha mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, somo baada ya somo. Yeye alingoja mwalimu aite majina, kama shule ya sekondari. Hakuna aliyeita. Sasa hakuwa kwenye orodha ya mtihani.

"Ulijua lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Na ukanyamaza?"

"Mama, kila Jumapili unaweka simu kwenye kipaza sauti ili akina mama wa kanisa wanisikie. Ningesema saa ngapi?"

Ilikuwa kweli.

Ndwiga alitaka kufunga virago. Njoki alimpeleka kwa mshauri wa wanafunzi, Madam Gatakaa. Huyo hakuwabembeleza.

"Muhula huu umepotea," alisema. "Ungekuja wiki ya pili, tungekuandikisha siku hiyo hiyo. Lakini nafasi yako bado ipo. Andika barua leo, uombe kurudia masomo haya na wanafunzi wapya wa Septemba. Ukitoroka, jina lako litafutwa. Hapa hakuna wa kukutafuta. Ukikwama, tafuta mtu: mwakilishi wa darasa, mhadhiri, au mimi."

Akamgeukia Njoki. "Na wewe, mama Ndwiga, mpigie ukiwa peke yako. Uliza amekula nini na analala vipi. Masomo baadaye."

Barua ilikubaliwa. Septemba ilipofika, Ndwiga alijiandikisha siku ya kwanza kabisa. Aliketi na wanafunzi wapya. Wenzake wa zamani walikuwa wamemtangulia, na wengine walimcheka.

Kule Kiritiri, baada ya ibada, mama mmoja aliuliza mbele ya wote, "Mbona siku hizi hatumsikii Daktari?"

"Anaitwa Ndwiga," Njoki alijibu. "Anarudia mwaka."

Njoki alichukua simu, akaenda nyuma ya kanisa peke yake.

"Umekula?"

"Nimekula ndengu, mama. Orodha ya mtihani imebandikwa. Nimeliona jina langu."

"Lisome," Njoki alisema.

Akalisoma.