Mstari Ulio Juu ya Tarehe

Begi la Baba Kidoti lilikaa juu ya mizani ya bafuni tangu asubuhi. Aliongeza taulo, akachungulia namba. Akatoa viatu, akachungulia tena. Kilo zilikataa kushuka.

Mtu huyu ni seremala. Kwao alikuwa na karakana yake na wateja wake. Miaka miwili iliyopita mke wake, ambaye ni muuguzi, alipata kazi hospitali katika nchi ya ugenini. Wakaja wote watatu: mama, baba na binti yao Kidoti, ambaye sasa ana miaka saba. Viza ya baba haikumruhusu kuajiriwa. Basi akawa mkuu wa jiko, mkuu wa nguo, na mkuu wa kumpeleka mtoto shule.

"Bosi, leo tunakula nini?" mke wake humtania akirudi kutoka zamu.

"Kilichoungua," naye humjibu.

Ijumaa alikuwa asafiri kwenda kwao. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka mitatu mama huyo hakuweza kusoma hata barua. Jicho la kulia lingepasuliwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Seremala ni mtoto wake wa pekee. Alitaka awepo, amtie dawa, amshike mkono. Alipanga kukaa miezi miwili.

Jumatatu hiyo, mchana, alisikia mlango unagongwa.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, dada. Droo yako tayari. Usiisukume kwa goti tena, nakuomba."

Aliyeingia alikuwa jirani wa ghorofa ya chini. Kazi yake ni ukalimani. Kila siku yuko ofisi ya uhamiaji, anawasaidia wageni wasiojua lugha ya pale kuongea na maofisa. Aliichukua droo, kisha akaliona begi.

"He! Mnahama?"

"Wapi! Naenda kumuuguza mama. Miezi miwili tu."

"Kibali cha kurudi umeshachukua?"

"Kibali gani tena? Viza yangu haiishi mpaka mwakani."

Alifungua bati la biskuti walilowekea pasipoti. Akatoa yake na ya mke wake.

"Tazama, dada. Tuliingia siku moja. Viza zilibandikwa siku moja. Rangi moja. Na Mama Kidoti ameshaenda nyumbani mara mbili, akarudi, hakuna aliyemuuliza kitu."

Mkalimani alizifungua pasipoti mbili na kuzilaza mezani, bega kwa bega.

"Wewe umesoma tarehe. Sasa soma mstari ulio juu ya tarehe. Fuata kwa kidole."

Seremala akaanza na ya mke wake. "Aina: kazi. Kuingia: mara nyingi." Akaja kwenye yake. "Aina: mtegemezi. Kuingia: mara moja." Kidole kikasimama hapo.

"Mara moja yako uliitumia siku ile mliyofika," alisema mkalimani. "Viza ya mkeo ni ya kazi. Anatoka na kuingia apendavyo. Yako inamtegemea yeye, na inakuruhusu kuishi hapa. Ukitoka bila kibali, inakufa. Hata kama tarehe inasema mwakani."

"Halafu?"

"Halafu unaomba upya ukiwa huko nje. Nimeona watu wamesubiri miezi minane. Wengine wamenyimwa."

Seremala aliketi juu ya begi. Mlangoni palikuwa na ndala ndogo za Kidoti. Mke wake huingia zamu kabla mtoto hajaamka. Nani angemwamsha? Nani angempokea shule? Miezi minane bila kumwona mwanawe! Hofu ilimshika.

"Mungu wangu. Bati hili nalifungua kila wiki, dada. Kila wiki!"

"Wengi hivyo hivyo. Usikae. Tafuta picha mbili ndogo, nakala ya tiketi, na barua ya mwajiri wa mkeo. Barua ya hospitali ya mama pia. Kesho nitakuwepo."

Kesho yake walikwenda ofisi ya uhamiaji wawili, yeye na mke wake. Ofisa wa dirisha la nne alikuwa na mafua makali. Kila maelezo mawili yalifuatwa na chafya. Mkalimani alisubiri chafya ipite, kisha akatafsiri.

"Afande," alisema mke wake, "kwani hawezi kwenda tu, halafu akarudi kwa viza ya matembezi? Akishaingia tubadilishe hapa hapa."

Ofisa akatikisa kichwa. "Viza ya matembezi ni ya mtu anayekuja na kuondoka. Anayeishi hapa haifai kuiomba. Ataulizwa anakuja kufanya nini. Akisema anatembea, amesema uongo. Akisema anaishi hapa, atarudishwa. Na hapa kwetu haibadilishwi mtu akiwa ndani. Nchi nyingine zina sheria zao, sizisemei."

"Tumekuelewa," alisema Seremala haraka. Uongo wa dirishani hakuutaka.

"Chaguo lako ni kibali cha kurudi. Kinaombwa kabla ya kutoka, si baada. Utakaa muda gani?"

"Miezi miwili."

"Omba mitatu. Ndege huahirishwa, wagonjwa huchelewa kupona. Kibali hakiwezi kupita mwisho wa viza yako, lakini bado una nafasi. Pasipoti inabaki hapa. Siku tano za kazi. Njoo Jumanne ijayo."

"Jumanne! Mimi nasafiri Ijumaa. Mama anapasuliwa Jumatano!"

Ofisa aliisoma barua ya hospitali, akaibana kwenye fomu. "Nitaiweka juu. Siahidi."

Ijumaa ikapita, pasipoti haijatoka. Ilibidi tiketi isogezwe. Seremala alimpigia mama yake.

"Mama, nisamehe. Siku ya kisu sitakuwepo."

"Kisu anashika daktari, si wewe," mama akamjibu. "Una mtoto huko. Njoo ukiwa na njia ya kurudi kwake."

Jumanne mchana alikabidhiwa pasipoti, ndani yake karatasi nyembamba yenye mhuri, na tafsiri ya mkalimani imebanwa nyuma yake. Safari hii hakuitia mfukoni hivi hivi. Aliisoma pale pale dirishani, mstari kwa mstari. Jioni akapanda ndege. Alhamisi asubuhi alifika hospitali na begi lake, wakati muuguzi anamtoa mama kitambaa cha jicho.

Mama alipepesa jicho, akamkazia macho.

"Mbona umekonda? Mkeo hakupikii?"

"Mama, mpishi ni mimi."

"Ndiyo maana!"

Alicheka mpaka muuguzi akamkanya asitikise kichwa. Seremala alicheka pia, na machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Alikaa naye. Alimtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Alirekebisha milango mitatu na kiti kimoja. Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha, hospitali ikatangaza siku ya jicho la pili. Ilikuwa wiki mbili baada ya kibali kwisha.

Jamaa wa ukoo wakamzonga. "Wiki mbili tu! Nani atajali?" Yeye mwenyewe moyo ulimvuta. La kwanza alilikosa. Hili nalo alikose?

Asubuhi moja, mezani, mama alimwomba ile karatasi. Akaisogeza dirishani penye mwanga. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Mwenye kibali hiki... ataingia... kabla ya tarehe..." Akaitaja tarehe. Kisha akaweka karatasi chini. "Hawakuandika karibu na tarehe, mwanangu. Wameandika kabla."

"Lakini mama, jicho lako..."

"Binti wa mdogo wangu atanishika mkono. Hili moja linatosha kunisomea saa ya dawa. Kidoti ana baba mmoja tu. Nenda."

Akaenda. Aliingia mpakani zikiwa zimebaki siku kumi na sita. Ofisa alitazama viza, akatazama kibali, akapiga mhuri. Haikuchukua hata dakika mbili. Nje ya kizuizi Kidoti alikuwa anarukaruka, jino la mbele halipo.

"Baba! Bibi anaona?"

"Anaona, mama. Kanisomea karatasi yangu yote."

Siku ya kuhuisha viza ilipofika, walikwenda dirishani mapema. Walieleza kuwa wana wazazi wa kuwaangalia kwao. Safari hii waliomba, kwa baba na kwa mtoto, viza ya kuingia mara nyingi. Wakapewa. Kabla ya kuzirudisha pasipoti kwenye bati, Kidoti alifuata mstari kwa kidole na kusoma, "Mara nyingi."

Jioni hiyo bibi yake alipiga simu ya picha. Macho yote mawili yalikuwa wazi, hayana kitambaa.

"Sogea kidogo," alimwambia mwanawe. "Huo mlango wa kabati nyuma yako umekaa upande. Wewe ni seremala gani?"

Seremala akageuka kutazama. Kweli, umekaa upande.

"Nitakuja mwezi ujao uniambie na mingine," alisema, akaenda kutafuta bisibisi.