Mlango wa Gathogo

Julai 2008, baridi ya Burnt Forest ilikuwa inauma mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimetoka studio yangu Huruma kwenda kupiga picha moja tu: nyumba ya Mama Wairimu, au kilichobaki.

Mama huyu aliishi kwenye kambi ya waliofurushwa tangu Januari, watu walipochomeana nyumba baada ya uchaguzi. Siku ile mumewe, Gathogo, alibaki nyuma kufungulia ng'ombe. Hakuonekana tena. Wengine walisema yuko Naivasha, wengine Nakuru. Mama akawa anasubiri.

"Wakoli, nipigie tu picha ya boma," aliniomba. "Miguu yangu inakataa kwenda huko."

Nilifika jua likizama, ukungu ukishuka. Kuta nyeusi. Mlango hakuna, shimo tu. Magugu yamefika kiunoni.

Nikawasha kamera... ikazima.

Betri nilikuwa nimeichaji ikajaa, lakini baridi hunyonya betri. Nikaitoa, nikaibana kwapani ipate joto. Nikajaribu tena. Ikazima.

Ndipo harufu ikaja. Mahindi yaliyoungua.

"Lete niipashe."

Mwanaume alikuwa nyuma yangu. Koti kubwa, kofia ya sufu imeshuka usoni. Nikadhani ni jirani, nikampa betri. Akaifumbata kwa mikono miwili, kimya, akitazama lile shimo la mlango. Aliponirudishia, nusura niiangushe. Ilikuwa moto kama kaa.

"Piga mlango," akanong'ona. "Moja tu."

Nikairudisha kwenye kamera, nikapiga. Flashi ikamulika ukungu. Nikageuka kumshukuru...

Hakukuwa na mtu. Na magugu nyuma yangu hayakuwa yamekanyagwa.

Nilikimbia hadi barabarani. Sikuthubutu kuiangalia ile picha hadi nilipoingia hemani kwa Mama. Joto la jiko likafanya kioo cha kamera kitoe jasho. Mama akakipangusa kwa leso.

Kwenye picha, nyumba ilikuwa nzima.

Mlango ulikuwepo. Umefungwa kwa mnyororo, kutoka nje. Kwenye dirisha dogo kando yake, vidole vinne vimeshika nondo, kimoja kina pete.

"Mama, ni kamera," nikasema. "Baridi imeiharibu. Wacha nifute."

"Hiyo ni pete yake."

Nikamweleza habari ya yule mtu wa koti.

"Hakuniulizia mimi?"

Nikaizima kamera.

Asubuhi tulienda naye na Kibet, mchungaji wa kambi. Tukafukua jivu pale mlangoni. Mnyororo tuliupata, kufuli bado imefungwa. Mifupa hatukuipata hata mmoja.

"Labda alitoka," Kibet akasema.

"Apite wapi, Pasta?" Mama akamuuliza.

Tuliporudi, Mama aliomba jina la Gathogo litolewe kwenye orodha ya waliopotea. Jioni akashika njia ya kurudi bomani, kwa miguu. Nilimfuata nikimsihi, hadi kwenye nguzo ya lango lake. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

"Usiingie, Wakoli. Wewe una watoto."

Akazama ndani ya ukungu. Nikamsikia akiongea, polepole, kama mke anayemgombeza mume aliyechelewa chakula. Kisha akanyamaza, kama anayesikiliza.

Kisha akacheka.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Kesho yake tulitafuta boma lote, na shamba, hadi mtoni. Kibet aliandika jina la Mama kwenye ile orodha, mahali palepale palipokuwa pamefutwa la mumewe.