Santuri ya Waitikaji Tisa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabehewa ya mizigo, upande wa kusini wa Memphis, Shemasi Ambrose Tarpley alipoegesha gari mbele ya nyumba ya Bi Theola Mabry. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti. Tangazo la kifo.

Hiyo ndiyo njia ya watu wa santuri, wale wanaozitafuta na kuzikusanya za zamani. Husoma matangazo ya vifo kama wengine wanavyosoma bei za nyama. Akifa mzee aliyewahi kupiga gitaa au kumiliki baa, humwendea mjane mapema, kabla wapwa hawajaanza kugawana vitu, wakanunua makasha ya santuri. Ambrose alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini. Nyimbo za soul, muziki wa watu weusi wa miaka ya sitini, zile zilizotolewa nakala mia mbili na kuuzwa kwenye buti la gari, alizijua kama alivyozijua Zaburi. Nani alipiga kinanda, studio ilikuwa mtaa gani, kwa nini lebo, kampuni iliyozitoa, ilikufa.

Lakini leo hakuja kutafuta nyimbo. Alikuja kutafuta sauti ya mkewe.

Leontine alikuwa ameondoka duniani miezi minane iliyopita. Uso wake ulikuwapo kwenye picha. Sauti ndiyo iliyokuwa inamtoka. Asubuhi moja Ambrose alikaa ukingoni mwa kitanda akijaribu kukumbuka jinsi Leontine alivyokuwa akisema kahawa iko tayari, na hakuikumbuka. Alilia siku hiyo kuliko siku ya kaburini.

Kulikuwa na santuri moja tu duniani yenye sauti yake. Leontine aliirekodi akiwa na miaka kumi na saba, kabla hajaokoka, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mazishi ya Hosea Quill. Huyo Quill alizika watu mchana, na jioni alirekodi waimbaji kwa lebo yake ndogo iliyoitwa Delrose. Wimbo wa Leontine haukufika kiwandani. Ilikatwa santuri ya majaribio, moja, basi.

"Kile chumba kilikuwa na kioo kimefunikwa shuka," Leontine alimwambia mara moja tu, "kama nyumba yenye maiti. Nikaimba. Nilipomaliza nikasikia watu wanaitika. Na nilikuwa peke yangu, Ambrose. Niahidi hutaitafuta."

Aliahidi. Mkono ulikuwa juu ya Biblia.

Sasa tangazo lilisema kwamba marehemu Cleotha Mabry aliwahi kuwa fundi mitambo wa Hosea Quill.

Akapiga hodi.

Mlango ulifunguliwa nusu. Harufu ya kafuri ikatoka, na nyuma yake harufu ya maua yaliyooza kwenye maji.

"Mmekuja," alisema Bi Theola. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miaka sabini hivi, gauni jeusi, miguu mitupu. "Udongo wa kaburi haujakauka na tai wameshatua."

"Pole sana kwa msiba, mama. Mimi ni—"

"Nakujua. Wewe ndiye Shemasi wa kanisa la Mlima Nebo, yule wa kuinua nyimbo. Ingia. Usinifutie viatu kwenye zulia, hapa si kanisani."

Makasha yalikuwa sebuleni, sita. Ambrose akapiga magoti, akaanza kupekua polepole. Santuri nzuri alizipita kwa uso mkavu. Mtu wa santuri hakazi macho kwenye kile anachokitaka. Hununua kasha zima, na kile kitu kikiwemo ndani kama bahati mbaya.

Aliiona katika kasha la nne. Ilikuwa nyeusi, nzito, bila lebo ya kiwanda. Kwenye karatasi ya kati, kwa penseli, jina moja: Leontine.

Akaipita.

"Nyingi zimechoka," alisema. "Lakini ninaweza kuchukua hili kasha, nikupunguzie mzigo."

Bi Theola alicheka bila sauti.

"Umeziangalia zote, isipokuwa moja. Unadhani mimi mtoto? Miaka arobaini niliishi na mwanamume wa santuri. Alipokuwa akinitongoza alimtazama dada yangu."

Ambrose akarudisha mkono kwenye ile santuri.

"Ni ya mkeo. Sema."

"Ni ya mke wangu," alinong'ona.

"Naam. Na yeye alikuruhusu uje?"

Ambrose aliinamisha macho kwenye kasha.

"Nilidhani hivyo," alisema Bi Theola. "Siiuzi. Nitakupa. Lakini utaisikiliza hapa, mbele yangu. Mara moja."

Ambrose aliitoa santuri kwenye mfuko wake wa karatasi, akaielekeza dirishani. Ndipo alipoona jambo ambalo halikumkaa sawa. Santuri za majaribio ni laini. Kila sindano inapopita hula kidogo; baada ya mara ishirini au thelathini sauti hubaki kama nguo iliyofuliwa mpaka ua halionekani. Hii ilikatwa mwaka elfu moja mia tisa sitini na sita. Iling'aa kama imekatwa jana.

"Haijapigwa?" aliuliza.

"Imepigwa kila Jumapili, miaka kumi na moja."

"Haiwezekani, mama. Ingekuwa imechakaa."

"Hii haichakai, Shemasi. Kaa."

Gramafoni ilikuwa pembeni, chini ya kioo cha ukutani. Kioo kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe. Ambrose alijiambia kwamba ni kwa ajili ya msiba, kama ilivyo desturi. Bi Theola aliinama juu ya santuri. Kabla ya kushusha sindano midomo yake ilicheza. Alitaja jina la mtu, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Kr... kr... kr...

Halafu, Leontine.

Msichana wa miaka kumi na saba, sauti mbichi, yenye ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila neno. Alikuwa pale. Alikuwa karibu kiasi kwamba Ambrose alisikia akimeza mate kati ya beti. Machozi yalimshuka bila kuombwa ruhusa. Kahawa iko tayari. Sasa alikumbuka. Alikumbuka yote.

Wimbo ukaisha.

Sindano haikuinuka.

Kr... kr...

Chumba kilipoa. Harufu ya maua ikawa nzito mpaka kooni. Na kutoka ndani ya mikwaruzo, mbali, Leontine akaanza tena. Safari hii haukuwa wimbo wa mapenzi. Alikuwa anatoa mstari, kama wazee wanavyotoa mstari wa wimbo wa kale kanisani: haraka, kwa pumzi moja, kisha kimya. Kimya kile kina kazi yake. Ni cha waitikaji.

Wakaitika. Sauti za wanaume na wanawake, nzito, zikivutana kama watu wanaobeba jeneza kwenye matope.

Leontine akatoa mstari wa pili. Kimya.

Ambrose Tarpley alikuwa shemasi miaka thelathini. Alilelewa kwenye benchi la mbele, miguu haifiki sakafuni, akiitika kabla hajajua kusoma. Mstari ukitolewa, mtu wa Mlima Nebo hafikiri. Kifua hufunguka chenyewe.

Akaitika.

Sauti ilimtoka, na haikurudi.

Alihisi kitu kikivutwa kooni, laini, kirefu, kama uzi kutoka kwenye pindo la nguo. Haikuuma. Alifumba mdomo, lakini sauti yake iliendelea kuitika. Ilikuwa ndani ya gramafoni, pamoja na wengine.

Bi Theola akainua sindano.

"Wazungu walikuja," alisema taratibu. "Kutoka Uingereza, na kofia zao. Walisikiliza, wakaandika kwenye madaftari, wakasema ni hazina. Hakuna aliyeitika. Wangejua wapi? Nilihitaji mtu wa kanisa."

Ambrose alijaribu kusema. Pumzi tu.

"Ni tisa mle ndani. Quill aliwaweka vipi, sijui. Cleotha alijua, akakataa kuniambia, na baadaye hakuweza. Alikuwa shemasi pia, unajua? Jumapili moja alijisahau. Miaka kumi na moja nimeishi na bubu. Tisa, Shemasi. Akiingia mmoja, hutoka mmoja. Hutoka yule aliyetajwa, hata kama ameshazikwa."

Kutoka jikoni, ambako hakukuwa na taa, mtu alikohoa.

Kikohozi cha mwanamume mzee.

"Theola," iliita sauti. "Chakula kiko wapi?"

Bi Theola alifumba macho. Uso wake wote ulilegea, akawa kama bibi harusi.

"Wewe ulitafuta sauti ya mkeo," alisema. "Mimi nilitafuta ya mume wangu. Mmoja wetu alikuwa na akili zaidi. Chukua santuri yako, uende. Na usiangalie jikoni."

Hakuangalia. Lakini alipopita barazani alisikia kiti kikivutwa, na hakusikia nyayo za mtu yeyote.

Daktari alimmulika koo, akasema hakuna kitu. Jumapili, Ambrose alisimama mbele ya kanisa kwa mazoea, akafungua mdomo, na watu wakangoja. Feni iligonga dirishani. Bibi mmoja akaanza kulia kwa huruma. Akakaa chini.

Jambo lililomvunja lilikuwa dogo zaidi. Kila Jumamosi alikuwa akienda kaburini kwa Leontine kumweleza habari za wiki. Sasa alisimama pale na kofia mkononi, na hakuwa na cha kumpa. Akirudi nyumbani aliipiga santuri. Leontine aliimba, kisha akatoa mstari, na Ambrose akajisikia mwenyewe akimwitikia, mle ndani, miongoni mwa wale wanane. Kila mara alidhani Leontine ametulia kidogo kabla ya mstari wa pili. Kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu, akageuka.

Jumatatu, jua likizama, alikuja Ndugu Ezell Whitlow. Walikuwa wamekaa benchi moja tangu ujana. Alibeba bakuli la mboga za majani na mkate wa mahindi, limefunikwa taulo.

"Mke wangu anasema ule, usinitazame hivyo," alisema Ezell, akijitupa kwenye kochi. "Kanisa limekufa bila wewe. Jana nimeinua wimbo mimi. Mchungaji aliniangalia kama nimemkanyaga."

Ambrose alitabasamu.

"Na hii ndiyo nini?" Ezell alinyoosha shingo kuelekea gramafoni. Akasoma ile penseli. Sauti yake ikashuka. "Ni Leontine wetu? Kaka, uliipata... Niwekee. Tafadhali. Sijamsikia tangu mazishi, na pale alikuwa hasemi."

Ambrose aliisogelea gramafoni. Ndugu Ezell alikuwa na sauti nzuri ya kuitikia, ya chini, pana. Hakuwahi kuuacha mstari upite.

Juu ya meza kulikuwa na daftari aliloandikia watu majibu. Akalichukua. Akaandika neno moja, kwa herufi kubwa: USIITIKE.

Akalitazama.

Ukutani, kioo kilikuwa kimefunikwa shuka. Ambrose hakukumbuka kulitundika.

"Unaandika nini?" aliuliza Ezell.

Ambrose aliichana ile karatasi kutoka daftarini, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Akainama juu ya santuri. Jina alilopaswa kulitaja alilijua; ni jina lake, alilobatizwa nalo. Midomo yake ikacheza bila sauti.

Ikataja Leontine.

Nyuma yake Ezell alivua kofia, akainamisha kichwa, akasafisha koo.

Kr... kr... kr...